Je, Dereva Hodari Aruhusiwe Kuzidisha Mwendo?

SWALI: Mhariri, nimeendesha magari ya abiria na ya mizigo kwa miaka mingi, na sijawahi kugonga mtu wala kitu. Kwa nini madereva wazoefu tusipewe mtihani maalumu, na watakaofaulu wakaruhusiwa kuzidisha mwendo uliowekwa barabarani? – Dereva Mzoefu

JIBU: Ndugu Dereva Mzoefu, sina sababu ya kutilia shaka uhodari wako, lakini breki hazijui ni nani aliyezikanyaga. Tuchukue magari mawili yenye breki na tairi za aina moja, yakienda sambamba, moja kwa kilomita 80 kwa saa na jingine kwa 100, na madereva wote wawili wakafunga breki kwa pamoja baada ya mtoto kuchomoka mbele yao. Pale gari la kwanza linaposimama kabisa, la pili linapita likiwa bado na mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Sababu ni kwamba nishati ambayo breki hulazimika kuimaliza huongezeka kwa mraba wa mwendo: 100 mara 100, ukitoa 80 mara 80, unabaki na 60 mara 60.

Utasema kwamba wewe ungemwona mtoto mapema zaidi, na huenda ni kweli. Tukupe basi nusu sekunde nzima ya wepesi, ambayo ni zawadi kubwa. Kwa mwendo wa kilomita 100 nusu sekunde hiyo inakuokolea mita 14 hivi, ilhali breki peke yake, hata kwenye lami kavu, zinadai karibu mita 20 zaidi ya zile ambazo zingehitajika kwa mwendo wa 80. Bado una deni.

Tena barabara si yako peke yako. Anayesubiri kuvuka hukadiria nafasi aliyo nayo kwa mwendo aliouzoea kwa magari ya hapo, na hawezi kusoma leseni yako akiwa kando ya njia. Gari la wagonjwa na la zimamoto huruhusiwa kuzidisha mwendo kwa sababu ya dharura, na ving'ora na taa zake huwatahadharisha wengine. Hata katika mashindano ya Formula 1, dereva anayeingia njia ya kuhudumia magari, ambako mafundi wamesimama kwa miguu, hufungwa na kikomo ambacho kwa kawaida ni kilomita 80 kwa saa, na bingwa wa dunia akikizidisha huadhibiwa kama mwingine yeyote.

Kuhusu mtihani, sidhani kama kuna atakayekubali kwamba hakustahili kufaulu. Katika utafiti wa Ola Svenson uliochapishwa mwaka 1981, asilimia 93 ya Wamarekani walioulizwa walijiweka katika nusu ya juu ya madereva kwa ustadi. Mtihani wenyewe, hata ukiwa mgumu, hupima siku ile tu, wala hauoni uchovu wa saa nane za usiku.

Kama kero yako ni kwamba kikomo cha barabara fulani kiko chini mno, hiyo ni hoja nyingine, na ningeiunga mkono ikiombwa kwa ajili ya watu wote. Ujerumani ina sehemu za barabara kuu zisizo na kikomo cha lazima, ambako dereva hushauriwa tu asizidishe kilomita 130 kwa saa, na ruhusa hiyo hutolewa kwa kuitazama barabara, si kwa kumtazama aliyeshika usukani.