Vipele visivyowasha, muwasho wa usiku na baka jeusi: wasomaji wanauliza

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nina miaka 26. Wiki mbili sasa nimetokwa na vipele kifuani na mgongoni, pamoja na madoa ya kahawia viganjani na kwenye nyayo. Haviwashi wala haviumi. Miezi miwili iliyopita nililala na mtu bila kondomu. Baada ya wiki tatu hivi nikapata kidonda kimoja uumeni, hakikuuma, kikapona chenyewe. Duka la dawa wamenipa krimu ya fangasi, nimepaka siku kumi bila nafuu. Wiki iliyopita nilipima Ukimwi, sina. Je, nitulie? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Usitulie bado, ndugu yetu, ila usikate tamaa. Uliyoyaeleza yanafanana sana na kaswende ya hatua ya pili, na kaswende inapona kabisa kwa sindano.

Tunasema hivyo kwa sababu ya mambo matatu uliyoyataja mwenyewe. Kwanza, kidonda kisichouma. Cha kaswende hutokea kati ya siku 10 na 90 tangu kuambukizwa, wengi hukiona kwenye wiki ya tatu, na hupona chenyewe ndani ya wiki 3 hadi 6. Pili, vipele vimefuata wiki chache baadaye, navyo haviwashi. Tatu, vimetokea viganjani na kwenye nyayo, mahali ambapo fangasi za kawaida na vipele vya joto haviji kwa sura hiyo.

Kidonda kupona ndiko kunakowaponza wengi. Ngozi ilifunga, lakini bakteria walikuwa wameshaingia kwenye damu. Hata hivi vipele vitaondoka vyenyewe baada ya wiki kadhaa, utibiwe usitibiwe. Anayepaka krimu au kunywa mizizi wakati huo husema imemponya, kumbe ugonjwa umejificha tu. Miaka ikipita unaweza kushika moyo, mshipa mkubwa wa damu na ubongo. Kwa mjamzito haungoji miaka: huua mtoto tumboni au humfanya azaliwe nao.

Jikague vizuri mwangani. Angalia kama nywele zimenyonyoka mabaka mabaka, kama una mabaka meupe mdomoni, tezi zilizovimba kinenani na shingoni, au vinyama bapa vyenye majimaji karibu na njia ya haja kubwa. Hivyo vya mwisho watu huvidhania masundosundo, na vinaambukiza sana. Ukiona ukungu machoni, masikio yakivuma au kichwa kikikuuma mfululizo, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Vipimo viko viwili, na ni vizuri ujue kila kimoja kinasema nini. Cha haraka, cha tone la damu kidoleni, hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Kinaonyesha kwamba mwili umewahi kukutana na kaswende, kwa hiyo kwa watu wengi hubaki chanya maisha yote hata baada ya kupona. Cha pili, RPR au VDRL, hutoa kiwango cha kingamwili (askari wa mwili) kwenye damu, kwa mfano 1:32, namba ya pili ikiwa kubwa ndivyo zilivyo nyingi, na ndicho kinachotumika kufuatilia tiba. Katika hatua yako kingamwili huwa nyingi mno kiasi kwamba RPR inaweza kusomeka hasi kimakosa. Ikitokea hivyo na vipele bado vipo, omba maabara warudie kwa damu iliyozimuliwa.

Tiba ni benzathine penisilini, yuniti milioni 2.4, mara moja, kwenye msuli. Kwa kawaida nusu huchomwa tako hili na nusu lile. Inauma, tusikufiche. Haichomwi kamwe kwenye mshipa. Kama penisilini iliwahi kukuletea mzio, sema kabla bomba halijajazwa. Utapewa doxycycline ya miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 14 (mjamzito hapewi hii). Ndani ya saa 24 baada ya sindano unaweza kupata homa, kutetemeka, na vipele vikazidi. Hiyo hutokana na bakteria kufa kwa wingi. Meza paracetamol, itatulia ndani ya siku moja. Lakini ukivimba uso au pumzi ikibana, huo ni mzio, rudi haraka.

Usifanye ngono mpaka vipele viishe na wiki moja ipite tangu sindano. Wote uliolala nao katika miezi sita iliyopita wapimwe na watibiwe, la sivyo utaambukizwa tena, maana kuugua mara moja hakukukingi. Rudia RPR baada ya miezi 6 na 12: kama ilikuwa 1:32, tunataka ishuke hadi 1:8 au chini ya hapo.

Kuhusu Ukimwi, kipimo chako ni cha kutia moyo lakini kimewahi mno. Rudia miezi mitatu ikitimia tangu siku ile.

SWALI: Mimi na mume wangu tunawashwa usiku hatulali. Yeye ana vinundu kwenye korodani, mimi vipele katikati ya vidole na kiunoni. Ananituhumu kwamba nimemletea ugonjwa wa zinaa. (Mama wawili, Likoni)

JIBU: Dada, huo karibu kwa hakika ni upele, ule wa vidudu vinavyochimba ngozi. Vinundu vinavyowasha kwenye korodani na uume ni alama yake kubwa. Huenea kwa ngozi kugusana kwa muda, kwa hiyo kitandani hupatikana, na hupatikana vilevile kwa mtoto aliyerudi toka bwenini. Anayeupata mara ya kwanza huanza kuwashwa baada ya wiki 4 hadi 6, kwa hiyo wa kwanza kujikuna si lazima awe ndiye aliyeuleta. Mwambie mume wako hivyo kabla ya dawa.

Tumieni benzyl benzoate ya asilimia 25. Paka mwili mzima kuanzia shingoni mpaka nyayo: chini ya kucha, kitovuni, sehemu za siri kwa nje, katikati ya matako. Siku ya pili paka tena bila kuoga, kisha oga saa 24 baadaye. Ukinawa mikono, paka mikono upya. Tiba hii hushindwa kwa sababu mbili: watu hupaka panapowasha tu, na huacha wengine nyumbani bila kupaka. Wote mpake siku moja, hata asiyewashwa. Watoto hupewa dawa iliyozimuliwa, kwa hiyo wapelekeni kliniki wapangiwe kipimo chao. Shuka na nguo zifueni kwa maji ya moto siku hiyo. Zisizofulika fungeni kwenye mfuko siku nne.

Muwasho huendelea wiki 2 hadi 4 hata vidudu vikiwa vimekufa, na vinundu vya korodani hukawia zaidi. Msipake tena na tena kwa hofu, dawa yenyewe huunguza ngozi.

SWALI: Kila nikitibiwa kifua hutokwa na baka jeusi la mviringo kwenye kichwa cha uume, mahali palepale. Mke wangu hana kitu. (Msomaji, Tabora)

JIBU: Ukiona baka linarudi palepale kila ukimeza dawa, shuku mzio wa dawa hiyo. Kotrimoksazoli, ambayo wengi huiita Septrin, ndiyo inayojulikana zaidi kwa hili, na dawa nyingine za salfa kama SP ya malaria zinaweza kufanya vivyo hivyo. Baka huja ndani ya saa chache hadi siku moja au mbili baada ya kumeza, huchoma au kuwasha, kisha huacha weusi wa miezi. Andika jina la dawa kwenye daftari lako la kliniki na ulitaje kila unapotibiwa. Lakini likija kama malengelenge madogo yaliyokusanyika, nawe hujameza dawa yoyote, nenda ukapimwe, hayo hufanana na hepesi, ugonjwa wa virusi unaoenezwa kwa ngono. Na siku dawa ikikutoa malengelenge mdomoni, machoni na mwilini kwa pamoja, iache na ukimbilie hospitali saa hiyohiyo.