Muulize Fundi Rangi: Silanti na Jua la Saa Tano

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota IST nyeusi iliyotoka Japani. Jumamosi saa 5 asubuhi niliiosha uani kwa maji ya kisima na sabuni ya vyombo, kisha nikapaka silanti ya kulinda rangi. Boneti imebaki na michirizi kama ukungu, haifutiki, na vidoa vyeupe vya zamani bado vipo. Shemeji anasema nipitishe mafuta ya taa, halafu nipake silanti mara tatu juu yake. Nifanyeje?
Msomaji, Raskazone, Tanga

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mafuta ya taa yabaki jikoni. Juu ya rangi huacha utando unaong'aa mpaka vumbi la kwanza, na silanti haishiki penye mafuta. Mweleze shemeji kwa upole, najua amekusudia mema.

Silanti uliyonunua usiilaumu. Boneti nyeusi saa 5 huchoma kiganja, kwa hiyo dawa ilikauka kabla hujaimaliza kuitandaza. Itatolewa na silanti ileile. Gari likishapoa kivulini, weka tone dogo kwenye sponji, pitisha juu ya michirizi sehemu ndogo ndogo, na ufute papo hapo kwa kitambaa kikavu cha maikrofaiba. Ile mbichi hulainisha iliyoganda. Ikigoma, polishi nyepesi itaiondoa.

Vidoa ndivyo vinavyonipa wasiwasi zaidi. Sisi wa Tanga tunakaa juu ya mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni yamo ndani ya mawe hayo. Maji ya visima vyetu hubeba chokaa, na tone likikaukia juu ya rangi, maji huondoka, chokaa hubaki. Wewe hapo Raskazone unaongezewa chumvi ya upepo wa bahari. Ukipaka silanti juu ya hayo yote umeufungia uchafu ndani, na kwenye rangi nyeusi utauona kila siku. Changanya siki nyeupe na maji kiasi sawa, lowesha kitambaa, kilaze juu ya vidoa kwa dakika 1 au 2, gari likiwa limepoa, kisha suuza sana. Kama unakinga maji ya mvua, yatumie kwa suuza ya mwisho, kwa sababu hayana chokaa. Halafu kausha kwa kitambaa, usiache gari lijikaushe. Vidoa vitakavyobaki vimeshaila rangi, na hapo ni polishi tu.

Kabla ya polishi, vaa mfuko mwembamba wa mkate mkononi na upapase boneti iliyooshwa. Ukisikia chenga chenga, kuna vumbi la chuma la breki, utomvu na chumvi vilivyong'ang'ania. Hapo mafundi hutumia klei, udongo laini wa kusafishia rangi. Lowesha boneti kwa maji yenye shampuu ya gari, teleza na klei bila kukandamiza, ikunje upate upande safi, endelea. Ikianguka chini itupe, hata kama inakuuma kwa bei yake. Chembe moja ya mchanga inatosha kuchora boneti nzima.

Ukipiga polishi, tazama kitambaa. Kikiwa cheusi usishtuke. Toyota nyingi nyeusi za namba ya rangi 202, na nyeupe za 040, hupakwa rangi bila klia, yaani tabaka angavu la kinga, juu yake, kwa hiyo unachokiona ni rangi yenyewe kidogo. Namba imeandikwa kwenye kibati cha gari, ama chini ya boneti ama kwenye nguzo ya mlango. Gari la namna hiyo silanti hulifaa sana, ila polishi ipigwe kwa mkono mwepesi, maana kila ukisugua unapunguza rangi ambayo hairudi.

Baada ya polishi futa mafuta yake kwa spiriti ya isopropili, sehemu 1 kwa sehemu 3 za maji. Usichukue spiriti ya jeraha bila kusoma chupa. Baadhi hutiwa mafuta ili zisikaushe ngozi, na hayo mafuta ndiyo tunayoyakimbia.

Sasa paka. Anza asubuhi mapema chini ya banda, umande ukishafutwa kote. Jioni siipendi kwa gari linalolala nje, maana umande wa usiku utaikuta silanti kabla haijashika. Weka nyembamba kiasi cha kuonekana kama pumzi kwenye kioo. IST nzima haihitaji zaidi ya mililita 30 hivi. Watu wengi hujaza sponji wakidhani wingi ni kinga, kumbe wanajiongezea kazi ya kufuta tu. Acha muda ulioandikwa kwenye chupa, mara nyingi dakika 20 hadi 30, kisha futa. Gari lisiguswe na maji kwa saa 12 hadi 24, kwa hiyo masika usijaribu kama huna paa. Mkono wa pili, kesho yake, unafaa kwa sababu hufunika uliporuka. Wa tatu sikushauri, utamaliza chupa bure.

Chupa ikisema miezi 6, wewe jirani wa bahari hesabu 3 au 4. Maji yakiacha kusimama kwa matone na kuanza kutandaa, paka tena. Sabuni ya vyombo safari hii haikudhuru, ilikuondolea nta ya zamani, lakini kuanzia sasa osha kwa shampuu ya gari. Na kinyesi cha kunguru kitoe siku hiyohiyo kwa kitambaa kilicholowa. Silanti inakupa saa chache, haikupi wiki.

SWALI: Nina nta ya kopo na silanti. Ipi inatangulia?
Msomaji, Ngamiani

JIBU: Silanti kwanza, isubiri ishike siku nzima, ndipo nta juu. Ukigeuza, silanti itakaa juu ya mafuta ya nta na kutoka nayo. Nta ya karnauba, inayotokana na majani ya mti wa Brazili wa jamii ya minazi, ina mng'ao mzito unaopendeza, lakini kwa joto letu hukaa wiki chache tu. Fedha ikitosha kitu kimoja, nunua silanti.