Kabla ya Kuziamini Kilowati za Rada, Litazame Pigo Lenyewe

Fundi anayeanza kupima rada za meli aghalabu hukabidhiwa kipimanguvu cha wastani, husoma tarakimu moja, hupiga hesabu ya kugawanya, kisha huandika katika ripoti kwamba kilele, yaani nguvu ya juu ndani ya pigo moja la mawimbi, ni kilowati kadhaa. Mimi tarakimu hiyo huiamini mwisho kabisa.

Rada yenye magnetroni (vali inayozalisha mawimbi ya rada) ya kilowati 25, inayofanya kazi karibu na gigahezi 9.4, hairushi mawimbi mfululizo. Hupiga kwa muda mfupi mno, hunyamaza, hupiga tena. Chukua pigo la mikrosekunde 0.08 linalorudiwa mara 2,000 kwa sekunde: wastani wake ni wati 4 tu. Ukihamia pigo la mikrosekunde 1.2, mara 600 kwa sekunde, wastani hupanda hadi wati 18 ilhali kilele ni kilekile. Sensa ya joto, ile ya kipimanguvu cha wastani, huona wastani peke yake, kwa hiyo kilele cha kukokotoa huwa sahihi iwapo tu upana na idadi ya mapigo ni sahihi, na pigo lina umbo la mstatili. Pigo la magnetroni ni nadra kuwa hivyo: sehemu ya juu huyumba, na ukingo wa nyuma huteremka taratibu.

Ndiyo maana napendekeza sensa ya dayodi inayochora pigo, mradi iwe na kasi ya kutosha. Yenye upana wa bendi (kipimo cha kasi hiyo) wa megahezi 5 huchukua takriban nanosekunde 70 kupanda. Pigo la nanosekunde 80 huisha kabla haijatulia, nayo husoma pungufu bila kutoa onyo lolote. Ya megahezi 30 hupanda kwa takriban nanosekunde 12. Upana wa pigo nao hupimwa penye nusu ya volteji, ambayo kwenye mchoro wa nguvu ni robo ya kilele. Wengi huteleza hapo.

Kapla, kile kipande kinachochota sehemu ndogo ya nguvu kutoka kwenye bomba la mawimbi, ndiyo inayoharibu vipimo vingi kuliko sensa. Kapla ya desibeli 60 huzigeuza kilowati 25 kuwa miliwati 25. Ya desibeli 50 hutoa miliwati 250, ambazo si kila dayodi itazihimili. Soma thamani iliyoandikwa kwa masafa unayopima, kwani kosa la nusu desibeli ni takriban asilimia 12, yaani karibu kilowati 3, na ujumlishe upotevu wa kebo. Viungo vyote vifungwe rada ikiwa imezimwa; volti za modyuleta, saketi inayoipa magnetroni mapigo ya umeme, hazina msamaha.

Hata hivyo, sensa ya joto usiitupe. Magnetroni iliyochoka huweza kuruka baadhi ya mapigo, na pigo moja zuri kwenye skrini halitakuonyesha hilo. Wastani uliopimwa ukiwa chini ya ule unaotokana na umbo la pigo, hesabu mapigo kwanza kabla ya kuagiza kipuri.