Mnaoanza fizikia, shikeni kwanza masi na uzani

Nyie mnaoanza fizikia mwaka huu, mimi nasomesha tuisheni huku Kisauni na mada inayowaangusha wengi mapema ni hii ya uzani kwenye sayari zingine, naomba muishike kabla haijawashinda.

Masi ni kiasi cha maada mwilini mwako, ukiwa na kilo 60 Likoni hata mwezini ni kilo 60. Uzani ni ile nguvu unayovutwa nayo, unazidisha masi na graviti, yaani kipimo cha mvuto wa pale ulipo, kwa hivyo hapa Mombasa una kama newtoni 588, mwezini kwenye graviti ya 1.6 unabaki na 96, Mirihi 222.

Hebu nendeni Kongowea mkaangalie mizani. Ile ya springi ya kuning'iniza, ukitia kilo 6 za viazi mwezini mshale utasimama kwenye kilo 1, maanake springi inasikia mvuto tu. Lakini ile ya sahani mbili na mawe itasema kilo 6 hukohuko mwezini, viazi vimekuwa vyepesi na mawe yamekuwa mepesi vilevile. Ukielewa hapo umemaliza nusu ya kazi.

Sasa mtego wenyewe, watu wanadhani sayari kubwa lazima ivute sana. Mshtarii, hiyo Jupita ya vitabuni, ina masi mara 318 ya dunia lakini mvuto juu ya mawingu yake ni kama mara 2.5 tu, sababu nusu kipenyo chake ni kama mara 11 ya dunia na umbali unahesabiwa kwa mraba, gawanyeni 318 kwa 121 mjionee inavyokaribia. Zohali ndiyo naipenda zaidi, masi mara 95 na bado mvuto wake unazidi wa hapa kidogo tu! Na Utaridi ni ndogo kuliko Mirihi ila graviti ya zote mbili ni 3.7, kwa vile Utaridi imejaa chuma ndani. Msikariri jedwali jamani, pigeni hesabu.

Alafu msiandike kwamba wanaanga wanaelea kwa kukosa graviti. Kituo chao kiko kama kilomita 400 juu, chukua 6,371 gawanya kwa 6,771, jibu lizidishe kwa lenyewe, unapata karibu 0.89, yaani mvuto bado upo mwingi tu. Wanaelea kwa sababu wao na chombo wanaanguka pamoja muda wote, ila ile kasi ya kwenda mbele inafanya waizunguke dunia bila kuigonga.