Kengele ya simu haimsaidii aliyeamua kuacha dawa

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba amemnunulia mama yake kisanduku cha vidonge chenye vyumba 7, na simu inalia kila siku saa 2 asubuhi. Vidonge vya presha bado vinabaki. Anauliza kama aongeze kengele ya pili.

Hapana. Kengele hutibu usahaulifu, na kidonge kinachobaki kila siku huku kengele ikilia kwa kawaida hakijasahauliwa. Mgonjwa ameshaamua kukiacha, na anaona haya kusema.

Ukimwuliza "Mama, unameza dawa?" atakujibu "ndiyo, mwanangu", na hapo mazungumzo yamekwisha. Uliza hivi: "Kuruka dozi ni jambo la kawaida. Wiki hii wewe umeruka ngapi?" Akitaja 2, usimgombeze hata kidogo, maana ukimgombeza leo kesho atakuficha. Uliza ni dawa ipi na ya saa ngapi. Aliyekosa vidonge vyote vya siku moja huenda alisahau au alikuwa safarini, lakini anayeruka kilekile kila mara, kidonge hicho kinamsumbua.

Kero zenyewe zinajulikana. Amlodipini, dawa ya presha, huweza kuvimbisha miguu. Enalaprili na lisinoprili, nazo za presha, huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichoisha, na daktari anaweza kuwabadilishia wakatumia losartani. Furosemidi huongeza mkojo. Ikimezwa jioni mtu halali, ndiyo maana kwa kawaida humezwa asubuhi. Metformini, dawa ya kisukari, huchafua tumbo, lakini hupoa ikimezwa pamoja na chakula. Inasikitisha mtu kuacha tiba nzima kwa kero ambayo mfamasia angeitatua kwa dakika 5.

Wengine huacha kwa sababu vipimo vimekuwa vizuri. Mwonyeshe kwamba presha imeshuka kwa sababu dawa inafanya kazi, na ikikatishwa kwa kawaida itapanda tena, mara nyingi bila maumivu yoyote ya kumwonya. Propranololi na atenololi, dawa za presha na moyo, hasa zisikatishwe ghafla: moyo huenda mbio, presha ikapanda, na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupata shambulio. Daktari huzipunguza kidogo kidogo.

Kama kweli ni kusahau, funganisha dozi na jambo analofanya kila siku bila kukumbushwa, kama kupiga mswaki. Kisanduku kijazwe siku moja maalumu ya wiki, lakini nitrogliserini, dawa ya maumivu ya kifua ya kuweka chini ya ulimi, ibaki kwenye chupa yake, maana nje ya hapo huharibika. Vidonge vinavyotoa dawa polepole visisagwe. Dozi ya siku nzima itaingia mwilini kwa mkupuo. Dozi iliyosahaulika kwa kawaida humezwa mara ikikumbukwa, ila kama inayofuata imekaribia, iachwe. Asimeze mbili kwa pamoja kufidia.

Hesabu nayo husema kweli. Kwa kidonge 1 kwa siku, mwenye vidonge 30 hubaki na 10 baada ya siku 20. Ukikuta 16, amekosa 6. Vikibaki 7, nenda kachukue vingine.

Na huyo mama wa msomaji? Mwulizeni leo ni kidonge kipi hasa. Andikeni jina la kidonge hicho na jinsi kinavyomsumbua, kisha mpelekeni kwa daktari na karatasi hiyo bila kusubiri tarehe ya kliniki.