Unyoya mweupe kwa jogoo mweusi

SWALI: Shikamoo mzee. Nafuga kuku aina ya Australorp, wale weusi, hapa Igoma na mwakani nataka kuwapeleka maonyesho ya Nanenane, Nyamhongolo. Nina majogoo wa miezi minne, nawalisha pumba na mahindi. Aliye mkubwa kuliko wote ana manyoya mawili meupe kwenye bawa la kushoto. Mwingine ana wekundu shingoni. Jirani anasema wote niwachinje. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kisu kiweke kando kwanza.

Kifaranga wa Australorp hutotolewa akiwa na weupe tumboni na kwenye ncha za mbawa. Ndiyo asili yao, na weupe huo huweza kukaa mpaka avae manyoya ya ukubwani. Mimi niliwahi kumchinja jogoo wa miezi mitatu kwa sababu ya unyoya mmoja tu. Ndugu yake wa mayai yaleyale alikuwa na doa kama hilo, ila nilichelewa kuliona. Alipofika miezi saba alikuwa mweusi tii, mgongo unameta kijani. Yule wa kwanza bado ananiuma.

Wako ana weupe upande mmoja, kwa hiyo nauliza: alishawahi kukamatwa kwa bawa, au kudonolewa hapo? Kinyweleo kikiumia huweza kuotesha unyoya mweupe. Yang'oe hayo mawili, uweke alama ya uzi mguuni, usubiri wiki nane. Yakirudi meusi, huyo ni wako. Yakirudi meupe tena, usimpeleke maonyesho, wala usimfanye jogoo wa mbegu ukiwa na mwingine.

Chakula nacho kirekebishe leo. Mahindi na pumba vina laisini kidogo, yaani kimojawapo cha viini vya protini, na kuku akiikosa manyoya hupauka. Dagaa wa ziwa letu wanayo tele. Nunua walioanikwa kwenye chanja, maana wa mchangani utalipia mchanga.

Mwenye wekundu shingoni ni habari nyingine. Huo kwa kawaida umo kwenye damu, na watoto wake watauchukua. Mle, au muuze wa kitoweo, ila asipande mtetea hata mmoja.

Kuwakagua, watoe nje asubuhi juani. Taa ya bandani hudanganya. Unatafuta mng'ao wa kijani. Wa zambarau ni kasoro. Kisha mpindue umtazame nyayo: ziwe nyeupe. Zikiwa za njano, huyo si wa maonyesho, hata koti lake liwe zuri namna gani.