Mkono wa Chapati na Pai ya Matufaha

Pai yangu ya kwanza niliikanda kama chapati. Nilitia maji ya uvuguvugu kwenye unga wa ngano, nikakanda kwa nguvu dakika kumi, nikafunika donge lipumzike. Ndivyo bibi alivyonifundisha Tanga, na kwa chapati sina la kubadilisha. Lakini pai ilitoka ngumu kama ubao. Watoto walichokoa matufaha ya ndani, ganda lote wakaliacha kwenye sahani. Niliumia, maana nilitumia siagi nzuri na Jumamosi nzima.

Hapa Minnesota, Marekani, ikifika mwezi wa tisa majani yanaanza kugeuka rangi na watu wanakwenda mashambani kujichumia matufaha. (Kwetu pwani tufaha ni lile tunda jekundu la majimaji, lenye kokwa moja kubwa ya kahawia. Haya ya huku yanashirikiana nalo jina tu.) Jirani yangu, mama mtu mzima, aliniita jikoni kwake. Kabla ya lolote alinishika viganja, akaniambia nikavioshe kwa maji baridi kwanza.

Siri yenyewe ni baridi. Gramu 300 za unga na gramu 225 za siagi, iliyokatwa vipande na kukaa kwenye friza dakika 20. Ifikiche ndani ya unga kwa ncha za vidole, uache vipande vikubwa kama mbaazi. Usiogope kuviona. Nyunyiza maji ya barafu kijiko kimoja kimoja, sita hadi vinane, mpaka unga ushikane tu, basi. Gawa madonge mawili, weka kwenye friji saa nzima. Anayezungusha chapati za kusukuma ataelewa upesi: mafuta ndiyo yanayotenga matabaka. Kwenye pai, siagi ikipata moto inayeyuka, maji yake yanakuwa mvuke na kuinua unga. Ukikanda sana, siagi inapotelea ndani na unga unavutika kama mpira.

Matufaha nachanganya aina mbili. Granny Smith kwa ukali wake, na Honeycrisp, lililozalishwa hapa hapa Chuo Kikuu cha Minnesota, kwa utamu na kwa kuwa halipondeki likiiva. McIntosh peke yake itakupa uji. Kilo moja na robo, menya, kata vipande vya unene wa kidole kidogo, tia sukari gramu 120, ndimu, mdalasini na karafuu mbili tu zilizotwangwa. Narudia, mbili. Sisi wa pwani mkono wetu ni mwepesi wa kuzidisha viungo, na karafuu ikizidi inafunika tunda.

Acha nusu saa, sukari itatoa maji. Maji hayo yachuje, yachemshe yawe mazito kama asali, yakipoa yarudishe pamoja na vijiko viwili vya wanga wa mahindi. Hatua hii wengi wanairuka, kisha wanashangaa kwa nini ganda la chini limelowa.

Sukuma donge moja ulitandaze kwenye chombo cha kuokea, jaza matufaha, funika kwa la pili. Paka yai juu, toboa matundu, oka kwa nyuzi 220 za Selsiasi dakika 20, kisha punguza hadi 190 kwa dakika 40 au zaidi. Usiitoe kwa sababu imepata rangi. Subiri uone mchuzi ukitokota taratibu kwenye matundu. Halafu iache saa tatu bila kuikata, hata nyumba ikinukia vipi.

Siku ambayo huna muda, weka matufaha kwenye treya, funika kwa unga, siagi na sukari vilivyofikichwa, oka. Inatosha kabisa.

Na boga? Mwezi wa kumi yanajaa kila duka. Wenyeji wanalitia maziwa na mayai. Mimi natumia tui zito la nazi badala ya maziwa, na hiliki, kama futari ya boga ya nyumbani. Mwaka jana jirani aliomba kipande cha pili, kisha akachukua kalamu na kuniuliza tui linapatikana duka gani.